Habari Isiyobandikwa Ubaoni

Kila shule ya juu ina ubao wake wa matangazo, na kila ubao una desturi yake. Katika shule ya uandishi wa habari desturi hiyo yastahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi, maana hapo habari ndiyo taaluma yenyewe. Mwalimu mmoja amepata shahada ya uzamivu. Wa pili amepandishwa cheo akawa mhadhiri mwandamizi. Wa tatu amechapisha kitabu. Wa nne amerudi salama kutoka mkutano wa ng'ambo. Mgeni mashuhuri atatoa mhadhara siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Habari hizi ni njema, na zina haki ya kusomwa na kupongezwa. Walakini iko habari moja ambayo haibandikwi, nayo ni hii: mwanafunzi aliyekuwa akikaa safu ya tatu katika mwaka wa kwanza hayumo katika mwaka wa pili, na hapana aliyeuliza alikokwenda.

Kutobandikwa kwake hakutokani na ubaya wa mtu. Hakuna mkuu wa idara aliyekaa na wenziwe wakaamua kuificha. Habari hiyo haina mletaji. Mwalimu aliyepanda cheo anayo barua ya kuonyesha, na rafiki zake wanayo furaha ya kuitangaza. Mwanafunzi aliyeondoka hana barua, na rafiki zake wana haya ya kusema. Lakini wanafunzi wa taaluma hii hufundishwa mapema sana kwamba jambo linaloletwa mlangoni kwa barua aghalabu ni tangazo, na jambo linalohitaji kufuatwa kwa miguu aghalabu ndilo habari. Ikiwa kanuni hii ni kweli nje ya ukuta wa shule, yapasa iwe kweli ndani yake pia.

Uhusiano wa shule na gazeti katika nchi hii ni wa zamani. Gazeti la Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, likipigwa chapa katika shule ya serikali ya Wajerumani. Vijana waliosomeshwa pale walitawanyika barani wakawa walimu na makarani, na kutoka vituo vyao vya mbali wakapeleka Tanga barua za mvua, njaa, safari na maendeleo ya mahali walipokuwa. Kwa namna hiyo shule ilitawanya kalamu, na kalamu zikarudisha habari. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliishi kwa kanuni iyo hiyo: hapana jimbo lililokuwa mbali mno mradi lina mtu mmoja ajuaye kuandika na mwenye moyo wa kuandika.

Baadaye kazi hii ilipata shule zake yenyewe. Nyegezi, karibu na Mwanza, Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, nacho kikawa chimbuko la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Serikali ilifungua Shule ya Uandishi wa Habari ya Tanzania, Dar es Salaam, mwaka 1975; mwaka 2003 shule hiyo ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikiwa taasisi, na mwaka 2008 ikapewa hadhi ya shule kuu ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Huko Mikocheni wanafunzi hujifunza gazeti, redio na televisheni, na chuo kina vituo vyake vya utangazaji. Hayo yote ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo majengo na vyeo haviondoi ile kanuni ya kwanza, ya kutawanya kalamu ili zirudishe habari. Shule hupimwa kwa upana wa nchi inayoonekana katika maandishi ya wahitimu wake.

Kipimo hicho na kijaribiwe mahali pamoja pa mbali. Muze ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, penye baridi na upepo. Muze iko chini, upande wa Ziwa Rukwa, penye joto, na tofauti ya kimo baina ya mji na ziwa yakaribia meta 1,000. Atokaye mjini hupita Ntendo, kisha barabara huporomoka kwa kona za ukingo wa bonde, na abiria mgeni hushika kiti kwa mikono miwili. Huko chini hulimwa mpunga, mahindi na ufuta, hufugwa ng'ombe, na ziwani huvuliwa samaki. Ziwa lenyewe halina mto wa kutoa maji; maji yake yenye magadi hupanda na kushuka miaka kwa miaka, hata ufuko wa leo waweza kuwa malisho ya kesho, na malisho ya leo yakawa maji.

Bonde hili si geni katika habari za dunia, ila limekuwa likiingia humo kwa mlango wa ajabu na wa balaa. Nzige wekundu waliosumbua nusu ya bara la Afrika toka mwaka 1930 hadi 1944 walihesabiwa kuwa na mazalio yao Rukwa na Mweru wa Ntipa. Ndiyo sababu mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kuwazuia, makao yake Abercorn, mji uitwao Mbala siku hizi, nchini Zambia. Mwaka 2016 magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika tena juu ya Rukwa, safari hii kwa sababu ya gesi ya heliamu iliyogunduliwa chini ya ardhi yake, gesi ihitajiwayo katika mashine za kupimia wagonjwa hospitalini. Nyumbani, bonde hutajwa kikizuka kipindupindu. Na Sumbawanga, mji ambao jina lake husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, umefanywa na waandishi wengi kuwa kichekesho cha radi na ushirikina, mpaka mtoto wa huko akijitambulisha ugenini hupokewa kwa kicheko kabla hajamaliza kutaja jina lake.

Nzige, gesi, ugonjwa na uchawi: hayo ndiyo Muze na jirani zake kwa msomaji wa mbali. Bei ya gunia la mpunga wakati wa mavuno haimo. Mgogoro wa mkulima na mfugaji humo mpaka damu imwagike. Swali la shamba la nani litapitiwa na mtambo wa kuchimba gesi, na nani atafidiwa kwa kipimo gani, halina mtu wa kuliuliza kila mwezi, maana anayekuja kuandika hukaa siku mbili na kurudi. Mgeni wa siku mbili huona ajabu. Mwenyeji huona desturi, na habari nyingi zenye maana zimefichwa ndani ya desturi. Kwa hiyo Muze yahitaji kalamu yake yenyewe, iliyosomeshwa vizuri, nayo haitapatikana ila kwa mtoto wake mmoja kwenda shule na kufika mwisho.

Mfano wa kijana mmoja watosha. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwa sababu wenziwe ni wengi. Alisoma sekondari akapendwa kwa insha zake. Alikuwa akisikiliza redio jioni na kuigiza sauti ya mtangazaji hata jirani wakadhani redio ni mbili. Matokeo yake hayakumfikisha moja kwa moja katika shahada, akachaguliwa kusoma stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka nyumbani. Baba yake aliuza mpunga na ng'ombe mmoja. Ada ya muhula wa kwanza ikapatikana, nauli ikapatikana, na kijana akaondoka na begi moja na baraka nyingi.

Mjini alikuta mambo ambayo barua ya kuitwa shuleni haikuyataja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mama lishe alikopesha kwa wiki mbili, wiki ya tatu akakataa kwa upole. Mwalimu wa sauti alitaka kila mwanafunzi awe na simu nzuri ya kurekodia, na mwalimu wa habari alitaka kazi zichapwe kwa kompyuta na kuletwa kabla ya saa sita usiku. Kijana alichapa kazi zake kwa kompyuta za wenziwe wakiwa wamelala. Siku moja hakuleta kazi.

"Mbona hukuleta kazi?" mwalimu aliuliza.

"Samahani, Mwalimu. Nilikuwa naumwa."

"Pole. Ulikwenda hospitali?"

"Nimepata nafuu, Mwalimu."

Mwalimu aliandika sifuri kwa penseli, akakusudia kuifuta baadaye. Alikuwa na wanafunzi wengi, na kijana hakurudi kuikumbusha.

Jumapili ile simu iliita kutoka Muze.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Masomo yanakwendaje?"

"Yanakwenda vizuri, Baba. Mama hajambo? Mpunga umetokaje mwaka huu?"

"Hajambo, anakusalimu. Mpunga umetoka vizuri. Bei nayo ni nzuri. Wewe soma tu, usiwe na wasiwasi."

Masomo hayakuwa yakienda vizuri, wala bei haikuwa nzuri. Habari mbili za uongo zilipishana katika hewa juu ya nchi nzima, kila moja imesemwa kwa ajili ya mapenzi, na kila mmoja wa wasemaji alitambua uongo wa mwenziwe kwa jinsi alivyofanya haraka kuaga. Watu hutaja uongo wa wakubwa na kuulaani. Huu ni uongo wa maskini, na madhara yake ni makubwa vilevile, maana huzuia msaada usifike. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwalimu asiyeuliza mara ya pili hatapata jibu la kweli, na hilo nalo ni somo la kwanza la mwandishi wa habari.

Yafaa kueleza kwa nini kijana wa namna hii hupita katikati ya nyavu zote. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Maelfu ya watoto wa wakulima wamesoma kwa fedha zake za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Sifa hiyo Bodi haiwezi kunyimwa. Lakini kwa miaka mingi mikopo hiyo ilikuwa ya wasomao shahada. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 mlango ulifunguliwa kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na fani zilizotajwa mwanzoni zilikuwa kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati na madini, na kilimo. Uandishi wa habari haukuwamo. Wakati huohuo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka 2017, ilifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mtu atakayetambuliwa kuwa mwandishi wa habari. Nia ya kuinua taaluma yaweza kutetewa. Ila ngazi iliyowekwa kuwa ya lazima ndiyo iliyoachwa bila kishikilio, na anayeteleza ni yule atokaye mbali.

Wako wasemao kwamba shule si nyumba ya hisani. Kwamba aliye na nia atapata njia. Kwamba dhiki humkomaza mwandishi. Maneno haya yana sehemu ya ukweli, na hupendwa zaidi na watu waliokwisha kuvuka. Dhiki humkomaza aliyevuka, lakini aliyezama hapati nafasi ya kutoa ushahidi wake. Tena hapa jambo halihusu huruma peke yake. Ikiwa wanaobaki shuleni ni wale ambao kwao kuna chumba cha bure na sahani ya jioni, yaani watoto wa mjini, basi baada ya miaka kumi vyumba vya habari vitajaa watu wa mji mmoja, nao wataandika juu ya Muze kama walivyoisikia katika mzaha. Njaa ya mwanafunzi mmoja itakuwa imeamua kitakachosomwa na taifa.

Ufipa wenyewe una fundisho linalofaa. Wafipa wa zamani walikuwa wafua chuma hodari, na matanuri yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yangali yakionekana baadhi ya mahali. Tanuri hilo lilipita kimo cha mtu, likawa na matundu chini, nalo lilivuta upepo lenyewe bila mvukuto. Walakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, na huko mivukuto ilipulizwa kwa mikono ya watu mpaka chuma kikasafika na kufaa kwa jembe. Kijana wa kijijini amekwisha kupita tanuri la kwanza: kipawa chake kimewashwa na upepo wa nyumbani, yaani redio ya jioni, hadithi za wazee na mwalimu wa sekondari aliyependa insha. Shule ni tanuri la pili, nalo halina upepo wa bure. Hapana budi mtu apulize.

Kupuliza huko kuna namna nne. Ya kwanza ni chakula na malazi. Hapa shule yaweza kuwa na mfuko mdogo wa dharura, usiohitaji fomu kumi wala mashahidi watatu. Fedha inayolipa kodi ya chumba kwa mwezi mmoja ni ndogo katika hesabu za chuo. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kila mwalimu ambaye jina lake limebandikwa ubaoni kwa kupanda cheo akitoa sehemu ndogo ya nyongeza ya mwezi wake wa kwanza, habari njema ya mwalimu itakuwa habari njema ya mwanafunzi pia.

Ya pili ni zana. Seremala hufundishwa kwa randa ya karakana. Haulizwi kwanza kama kwao kuna randa. Vivyo hivyo vinasa sauti, kamera na kompyuta viazimwe kama vitabu vya maktaba, kwa daftari na sahihi, usiku na mchana.

Ya tatu ni lugha, na hii husahauliwa zaidi. Kijana wa Muze huota kwa Kifipa, huongea sokoni kwa Kiswahili, na hutahiniwa kwa Kiingereza juu ya kazi ambayo, akijaliwa, ataifanya maisha yake yote kwa Kiswahili. Mara nyingi huonekana mjinga kwa jambo alijualo. Mwalimu anayemruhusu kuandika habari yake kwanza kwa Kiswahili, kisha akamwongoza kuivusha, hampunguzii masomo; amepima uandishi wake kwa kipimo cha uandishi. Na mzigo wa lugha zake tatu waweza kugeuka mali, maana siku ya kumhoji bibi kizee wa Muze juu ya shamba lake, aliyejua Kiingereza peke yake atarudi na daftari tupu.

Ya nne ni mlezi: mtu mmoja wa kuuliza mara ya pili. Si lazima awe profesa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyetoka mkoa wa mbali hutambua uongo wa "naumwa" kwa kuusikia tu, kwa sababu aliwahi kuusema. Jambo hili limejaribiwa nje ya shule: Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2008, uliwapa waandishi ruzuku za kwenda vijijini pamoja na walezi wa kuwasimamia kazi. Kinachomfaa mwandishi aliyehitimu hakikosi kumfaa anayejifunza.

Safari haiishi siku ya mahafali. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja, nauli ya kuifuata ikiwa juu yao. Wengine wamelipa zaidi ya nauli. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa Nyololo tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini. Kijana anayekubali kurudi Rukwa na kalamu yake ajue kwamba anarudi kwenye kazi yenye malipo madogo na hatari isiyo ndogo. Ndiyo sababu zaidi ya kumpa, wakati angali shuleni, imani kwamba yuko mtu anayehesabu kuwapo kwake.

Kuhesabu ndiyo sadaka ya kwanza inayodaiwa kwa shule, nayo haina gharama. Mwishoni mwa kila mwaka, chini ya majina ya walimu waliopata shahada na vyeo, na ibandikwe karatasi moja zaidi: walioanza walikuwa wangapi, waliomaliza wangapi, walitoka mikoa ipi, na wale wasiomaliza, bila kutajwa majina, waliondoka kwa sababu gani, ada, chumba, lugha, au ugonjwa wa kweli. Itakuwa habari chungu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mtu atapita hapo, atasimama, atasoma mpaka chini, na kabla hajakwenda zake ataingia ofisini kuuliza yule wa safu ya tatu anakaa wapi.